Uliza Refa Mstaafu: "Uwanja ulikaguliwa." Na nani, lini?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Ninaandika kwa ajili ya mwanangu wa kwanza, ana miaka 19. Mwezi wa kwanza alicheza beki wa kulia kwenye mashindano ya kata, kwenye kiwanja cha shule ya msingi. Kipindi cha pili, karibu na kibendera cha kona ya upande wao, mguu uliingia pale ambapo mwaka jana palichimbwa mtaro wa bomba la maji ukafukiwa. Mfupa wa ugoko umevunjika, na daktari anasema ligamenti ya goti nayo imekatika. Ameshafanyiwa upasuaji mmoja, bado mwingine.

Waandaaji wanasema uwanja ulikaguliwa, ulikuwa salama, na kijana aliumia kwa rafu ya kawaida. Wenzake wanasema ni lile shimo. Refa ameandika "namba 2 aliumia dakika ya 63 akigombea mpira." Video ya simu ipo ila miguu haionekani vizuri. Aliumia Jumapili, Jumanne tukasikia pamemwagwa kifusi na kusawazishwa. Sasa wameleta laki mbili na karatasi tusaini kwamba hatuna madai mengine. Na mtaani inasemwa kijana alikuwa na goti bovu tangu zamani. Nimwamini nani? Nisaini?

*Mama wa namba mbili, Dodoma*

JIBU

Marahaba, mama. Pole kwa mguu wa kijana, na pole kwa maneno ya mtaani. Karatasi usiisaini kwa sasa, nitaifikia huko chini. Tuanze na nani wa kumwamini, maana hapo ndipo watu hugombana mpaka wanasahau mgonjwa.

Kwa ulivyoeleza, mratibu wa mashindano na vijana wanaweza wote kuwa wanasema walichokiona. Sisemi hivyo ili nisimuudhi mtu. Nimechezesha mpira mkoa huu miaka mingi, na kabla ya hapo nilifundisha michezo shuleni, kwa hiyo ardhi ya hapa ninaijua kwa kisigino. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Miezi mingine yote udongo unakauka hadi njumu zinagonga kama kwenye sakafu. Sasa fikiria mtaro uliochimbwa kiangazi. Kinachorudishwa shimoni ni mabonge makavu, yanasukumwa kwa koleo, pikapu inapita juu mara moja au mbili, kazi imeisha. Kwa macho pako sawa, pengine pameinuka kidogo. Chini yake kati ya bonge na bonge kuna uwazi.

Mvua kubwa za kwanza zikipiga, maji yanaingia, mabonge yanayeyuka, na udongo wa mtaro unatitia. Kingo za mtaro, ambazo hazikuguswa na jembe, zinabaki ngumu vilevile. Kwa hiyo haupati mteremko, unapata ngazi: huku pagumu, hatua inayofuata mguu unashuka. Na kwa kuwa ni mvua, ndani ya wiki chache majani na mbigili vimefunika juu. Ukisimama katikati ya uwanja mwezi wa kwanza ukatazama kona, unaona kijani tu.

Mtu aliyeukagua uwanja huo mwezi wa kumi na moja akakuta pako sawa hakudanganya. Na kijana aliyeshuka mguu pale mwezi wa kwanza naye hakudanganya. Ndiyo maana mimi likija neno "ulikaguliwa" silipokei likiwa peke yake. Mwulize mratibu, kwa upole na mbele ya watu: alikagua nani, tarehe ngapi, alitembea hadi kwenye kona au alisimama langoni, aliandika popote? Mechi za ligi kubwa zina kamisaa na kikao kabla ya mchezo, na Bodi ya Ligi imewahi kuvifungia viwanja kwa sababu ya eneo la kuchezea kuwa bovu. Kwenye mashindano ya kata, mkaguzi mara nyingi ni yule yule aliyekuja na mpira na jezi kwenye bodaboda.

Lakini yupo mtu mmoja ambaye lazima alifika kwenye kona ile siku ile: aliyechora mistari. Chokaa au majivu, mstari wa pembeni na wa goli hukutana pale penye kibendera, na aliyeuchora alipita juu ya mtaro ameinama, macho chini. Mtafuteni huyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Mara nyingi ni kijana wa mtaa aliyelipwa elfu mbili na soda, hana upande. Msimwulize kama uwanja ulikuwa salama, mwulizeni alichorachoraje pale kona. Kama mstari ulishuka na kupanda, atakumbuka, kwa sababu chokaa huwa inamwagika nyingi kwenye shimo.

Ripoti ya refa isikusumbue. Nimeandika ripoti za namna ile. "Akigombea mpira" tunaandika kwa kila aliyeumia ambaye hatukumwona vizuri alivyoumia. Refa hukimbia kwa mshazari, na kwa mpangilio wa kawaida mshika kibendera wa nusu ile huwa upande wa beki wa kushoto, yaani ng'ambo ya pili ya upana wa uwanja kutoka alipokuwa kijana wako. Sheria inataka uwanja usipungue upana wa mita 45. Kutoka umbali huo unaona miili miwili inakaribiana, huoni ardhi. Refa mwenyewe alikuwa karibu zaidi, lakini macho yake kazi yake ni mpira na mikono ya wachezaji. Sentensi ile haisemi palikuwa na shimo wala haisemi hapakuwa. Wanaoona kona vizuri ni kipa na watu waliokaa nyuma ya mstari wa goli. Kiwanja cha shule hakikosi mama wa karanga au kijana wa barafu pale pembeni. Na mshambuliaji wa timu pinzani, yule anayesemwa alicheza rafu, ana sababu kubwa ya kueleza ukweli kuliko wote, maana sasa hivi lawama inamwelemea yeye.

Video. Kwanza, aliyeipiga asiifute, na simu aitunze. Ikitumwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa na taarifa za tarehe na saa zilizomo ndani yake hupotea, kwa hiyo ile ya kwanza iliyo kwenye simu ndiyo yenye thamani. Mkiihamisha, itumeni kama faili au nakilini kwa waya. Msiikate, msiweke muziki wala mshale mwekundu. Pili, msihangaike na miguu kama haionekani. Tazameni kichwa na mabega. Anayegongwa huyumba kuelekea alikosukumwa, baada ya kuguswa. Anayeshuka shimoni kichwa chake hushuka kwanza, kabla mwenzake hajafika. Tazameni pia kama mstari mweupe unaonekana umenyooka.

Hapa inabidi nikuambie jambo ambalo halitakufurahisha. Ligamenti ile kubwa ya katikati ya goti mara nyingi hukatika bila mtu kuguswa kabisa, hata kwenye uwanja mzuri: mguu umekita, mwili unageuka, basi. Kwa hiyo "hakuguswa" peke yake haithibitishi shimo. Vilevile "aliguswa" haiondoi shimo. Anaweza kuwa alikuwa akikabiliana na mtu na wakati huohuo mguu wake wa kuegemea uko ndani ya mtaro. Wanaowalazimisha kuchagua kimoja wanawachezea.

Kuhusu "goti bovu", dawa yake ni karatasi. Nenda hospitali mkaombe nakala ya maelezo ya mapokezi ya jioni ile ile. Mtu akifika na mguu uliovunjika, anayempokea huuliza umeumiaje, na huandika. Kilichoandikwa saa moja jioni ya Jumapili, kabla ya kifusi, kabla ya laki mbili, kabla ya mtu yeyote kupanga maneno, kina uzito kuliko ushahidi wa watu kumi wa mwezi wa tatu. Kama mlipitia polisi mkapewa PF3, nayo itunzeni. Mwombeni daktari aandike pia kama jeraha la goti lilikuwa bichi. Goti lililokatika leo hujaa damu ndani, na mfupa huwa na michubuko inayoonekana kwenye kipimo cha MRI. Lililokatika miaka miwili iliyopita haliko hivyo. Ongezeni orodha ya mechi alizocheza dakika zote kwenye mashindano hayohayo. Beki wa kulia mwenye goti bovu haendi mechi tatu, mawinga wangeshamzika.

Sasa kifusi. Watu wamekasirika kwamba pamefukiwa, mimi hilo la kufukia silaumu. Jumatano asubuhi watoto wa darasa la tatu wanacheza pale, mlitaka nao waingie? Kilichokosekana ni picha kabla ya kufukia, na kumwita mwenyekiti wa mtaa aone. Lakini kifusi chenyewe kinasema kitu. Kama Jumapili palikuwa sawa na salama, Jumanne kifusi kilikaa wapi? Mahali palipo sawa hapamwagwi kifusi, pakimwagwa panakuwa kichuguu. Hiyo haithibitishi mguu wa kijana uliingia pale. Inathibitisha palikuwa na mbonyeo, na neno "salama" linahitaji maelezo. Na mtaro haujaondoka. Mkipata ruhusa ya mwalimu mkuu, na mwenyekiti wa mtaa akiwepo, chukueni nondo nyembamba mkaipenyeze kila hatua moja kukatiza eneo lile. Kwenye udongo wa kuchimbwa itazama kwa mkono, kwenye udongo wa asili itagoma. Pimeni upana, pigeni picha na futi ikiwa imelazwa pale pale.

Swali ambalo mimi ningelishikilia kuliko yote ni nani alijua kabla. Nikupe mfano wa mbali. Novemba 2015, Reggie Bush, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa San Francisco 49ers, alikimbia akapitiliza mstari wa pembeni kwenye uwanja wa ndani wa St. Louis, akateleza kwenye zege laini lililozunguka nyasi bandia, goti likaharibika. Wiki moja tu kabla yake mchezaji mwingine, Josh McCown, alikuwa ameteleza kwenye zege hilohilo akaumia bega. Mwaka 2018 jopo la raia waliosikiliza kesi liliamua klabu iliyokuwa mwenyeji, Rams, imlipe Bush zaidi ya dola milioni 12, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ni adhabu. Hela za namna hiyo hapa zisahau. Ninachotaka uone ni ile wiki moja. Hatari ambayo hakuna aliyeijua ni ajali. Hatari iliyokwisha kumwangusha mtu wiki iliyopita ikaachwa hivyohivyo ni uzembe.

Kwa hiyo rudini nyuma. Kwenye kikao cha manahodha kabla ya mashindano, kuna aliyetaja kona? Kwenye kundi la WhatsApp la timu, kuna aliyeandika "oyaa ile kona mbovu"? Mechi ya asubuhi kuna aliyejikwaa? Mwalimu wa michezo wa shule aliwahi kuwakataza watoto wasicheze upande ule? Ujumbe mmoja wa tarehe ya kabla ya Jumapili una nguvu kuliko maneno yote ya baada yake.

Sasa karatasi na fedha. Mimi si wakili, nawe usiishie kwangu. Laki mbili unaweza kuzipokea, mgonjwa anahitaji dawa, ila iandikwe "mchango wa matibabu" na isiandikwe kwamba mmemaliza. Wakikataa kutoa bila kusaini, basi haukuwa mchango. Nenda kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii itakuelekeza. Kuna tarehe mbili za kukumbuka. Madai ya fidia kwa uzembe yana ukomo wa miaka mitatu tangu jambo lilipotokea. Na kwa kuwa shule ya msingi iko chini ya halmashauri, ukitaka kuishtaki halmashauri lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90. Kiwanja ni cha shule, mashindano ni ya waandaaji, mtaro ni wa aliyechimba bomba. Hao ni watatu, na usishangae kila mmoja akimwonyesha mwenzake. Watakuambia pia kwamba mchezaji akivaa jezi amezikubali hatari za mchezo. Amezikubali kweli: kupigwa mtama, kugongana vichwa, kuteguka. Mtaro uliofunikwa na majani haumo.

Ukiniuliza mimi, kwa hayo uliyoniandikia tu, naona ardhi ilichangia. Ila kabla ya mahakama, ombeni kikao kwa mtendaji wa kata, mratibu na mwalimu mkuu wakiwepo, na mpeleke gharama za upasuaji wa pili zikiwa zimeandikwa na hospitali. Mashindano mengi ya kata huendeshwa na kijana asiye na nia mbaya wala bima. Akiona hesabu kamili mezani, na akaona hamjaja kumfunga, huwa anaacha kusema habari za goti bovu.

SWALI

Mwalimu shikamoo. Mimi ni refa kijana, nipo Kibaigwa. Nilipangiwa fainali ya bonanza, nikakuta magoli ni yale ya mabomba ya kuhamisha, hayajafungwa chini, ukilitikisa linainama mbele. Nikasema sipigi kipenga mpaka yafungwe. Mashabiki walinitukana, waandaaji wakamchukua refa mwingine na mechi ikachezwa, hakuna aliyeumia. Sasa wananicheka, eti niliogopa upepo. Nilikosea?

JIBU

Marahaba kijana wangu. Hukukosea. Sheria namba 1 kati ya zile 17 za soka inasema magoli lazima yafungwe imara chini, na ya kuhamisha yaruhusiwe tu yakitimiza sharti hilo. Haikuachiwa busara yako. Nchini Marekani magoli ya aina hiyo yamewaangukia watoto na kuwaua, mpaka taasisi ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ikatoa mwongozo wa namna ya kuyafunga. Na upepo wa huku Kongwa kuanzia mwezi wa saba mimi sihitaji kuhadithiwa.

"Hakuna aliyeumia" si hoja. Siku wakiumia, hao wanaokucheka ndio watakaosema uwanja ulikaguliwa.

Jambo moja marefa wengi vijana hawalijui. Sheria namba 5 inasema refa hawajibiki kwa jeraha linalotokana na uamuzi wake wa kuruhusu au kutoruhusu mechi kwa hali ya uwanja. Wengine huisoma wakalegea: basi nipige kipenga, sitaguswa. Mimi naisoma kinyume. Inakukinga pia unapokataa. Hakuna anayeweza kukudai nauli za timu wala kodi ya spika. Hiyo kinga ni ya kanuni za mchezo, mahakamani wana vitabu vyao, kwa hiyo usiitegemee kufunika uvivu.

Ila jioni ile ungeandika. Nusu ukurasa: saa ngapi ulifika, uliona nini, ulimwambia nani, alijibuje. Picha mbili. Peleka chama cha marefa wilaya, nakala baki nayo. Safari nyingine fika mapema kidogo na uwaambie waandaaji waende dukani wakanunue kamba na viroba, wavijaze mchanga, kila mguu wa nyuma wa goli vibebeshwe viwili au vitatu hadi lisitikisike. Robo saa inatosha, na unapiga kipenga chako.

SWALI

Mambo haya ya mashimo na vumbi yataisha lini? Kwa nini serikali isiweke nyasi bandia kila kata ya Dodoma tukamaliza kesi? Wenzetu wameendelea.

*Mwanachuo, Dodoma*

JIBU

Wenzetu hao ndio wanaobishana kuliko sisi. Kombe la Dunia la wanawake la 2015 nchini Kanada lilichezwa lote kwenye nyasi bandia. Mwaka mmoja kabla, kundi la wachezaji likiwa na Abby Wambach wa Marekani lilifungua malalamiko, likisema wanaume wasingechezeshwa hivyo. Waliyaondoa Januari 2015 na mashindano yakaendelea palepale. Kwenye mpira wa Kimarekani nako, Septemba 2023 mchezaji Aaron Rodgers alikatika mkano wa kisigino dakika za mwanzo za mechi yake ya kwanza na New York Jets, kwenye nyasi bandia za uwanja wa MetLife, na chama cha wachezaji kikadai viwanja vyote viwe na nyasi za asili. Kilikuwa tayari na takwimu zake za 2012 hadi 2018: majeraha ya miguu yasiyotokana na kugongana yalizidi kwa asilimia 28 kwenye bandia. Ligi yao, NFL, ilishawahi kujibu kwa takwimu za 2021 ikisema tofauti karibu haipo. Unaona mchezo? Kila upande unachagua miaka yake. Kombe la Dunia la 2026 FIFA ikataka nyasi za asili, na MetLife wenyewe wakatakiwa kuzipanda.

Kwa kata zetu, kizuizi kiko kwingine. Nyasi bandia si zulia la kutandika ukaondoka. Chini yake lazima ardhi ishindiliwe na iwe na njia ya kupitisha maji. Mkandarasi aliyeshindwa kufukia mtaro wa bomba ukimpa hiyo kazi utapata mashimo yaleyale yaliyovaa kijani. Inahitaji kupigwa brashi, kuongezwa punje za mpira, na baada ya miaka kama 10 inang'olewa. Saa nane mchana jua la Dodoma likiwa juu yake, jaribu kusimama pekupeku. Mimi kwa fedha hizohizo ningechimba kisima kimoja shuleni, nikapanda nyasi za kienyeji zinazotambaa, na nikamlipa mtu mmoja wa kukitunza kiwanja kila mwezi. Huyo mtu ndiye tunayemkosa kila mahali.

SWALI

Mwalimu, sisi Manyoni hatuna fedha za kisima wala nyasi. Tuna koleo na vijana. Tunazibaje mashimo yasirudi?

JIBU

Hilo ndilo swali nilipendalo. Kwanza chimbeni zaidi, msizibe juu kwa juu. Toeni udongo laini wote mpaka mfike pagumu, na kingo zikatwe zisimame wima. Rudisheni udongo kwa tabaka, kila tabaka lisizidi kiganja kimoja cha mkono uliosimamishwa, mabonge yapondwe kwanza. Nyunyizieni maji kiasi cha udongo kushikana ukiufinya bila kutoa tope, shindilieni kwa gogo zito lenye mpini, ndipo muongeze tabaka jingine. Mkimaliza pawe juu kidogo kuliko kandokando, na msicheze hapo wiki moja. Changarawe zenye ncha msiweke juu, zitachana magoti ya makipa. Juu pawe udongo uliochekechwa.

Kazi hiyo fanyeni mwezi wa kumi na moja, na baada ya mvua kubwa ya kwanza mrudi kukagua kila mlipoziba, kwa miguu, mmoja mmoja, na daftari. Mahali palipotitia ongezeni palepale siku hiyo. Mbigili ing'oeni ikiwa bado ina maua ya njano. Ikishakauka mtaifagia mpaka mwezi wa nane na bado mtaikuta kwenye mpira.